Simu janja za bei nafuu: Faida na kasoro zake kwa mkazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

SIMU mbili mpya, Neon Smarta na Neon Ultra, zilipozinduliwa Oktoba 30, 2023 katika kiwanda cha Athi River, gumzo kubwa lilikuwa bei. Ya kwanza ilitangazwa kuuzwa Sh7,499 na ya pili Sh8,999. Kiwanda hicho cha East Africa Device Assembly Kenya (EADAK), kilichofunguliwa na Rais William Ruto, ni ubia wa Safaricom, Jamii Telecommunications na kampuni ya TeleOne kutoka Uchina. Kwa mara ya kwanza Wakenya waliahidiwa kwa wingi simu zenye uwezo wa mtandao wa 4G zilizounganishwa humu nchini.

Tangu hapo simu za daraja hilo, za Neon na za kampuni nyinginezo, zimejaa madukani. Hata hivyo, kwa mwendeshaji bodaboda wa Mtongwe, mama auzaye mahamri na mbaazi Magogoni, au kibarua wa Chaani anayesubiri kuitwa kazini bandarini, bei ni mwanzo tu wa hesabu. Kwao simu si pambo bali chombo cha kazi. Ikizimika alasiri, wateja wa jioni wamepotea. Ikifungwa kwa sababu ya deni, riziki imefungwa pamoja nayo.

Swali la maana basi si simu hii ina kamera ngapi, bali itafanya nini kutoka alfajiri hadi usiku katika joto, chumvi na msongamano wa pwani, na itamgharimu mwenyewe kiasi gani hadi iwe yake kamili.

Ilikotoka

Wengi bado wanaikumbuka Nokia 1100, iliyotolewa mwaka 2003. Haikuwa na kamera wala intaneti, lakini tochi yake na betri iliyodumu siku kadhaa ziliipatia umaarufu mkubwa. Ni simu za aina hiyo zilizobandikwa jina la mulika mwizi. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ilitengenezwa iingie katika kadi ya laini, hivyo kwamba hata simu duni kabisa iliweza kutuma na kupokea pesa.

Mapema mwaka 2011 ikaja IDEOS ya Huawei, iliyouzwa kwa takriban Sh8,000. Hiyo ndiyo iliyowafungulia Wakenya wengi wa kipato cha wastani mlango wa simu za Android. Kioo chake kilikuwa cha inchi 2.8 na betri yake ya mAh 1,200 tu, ambayo aliyependa intaneti alilazimika kuijaza kila siku. Simu za bei kama hiyo leo zina vioo vikubwa na betri zenye uwezo mara mbili, mara tatu au zaidi. Kwa upande huo, mnunuzi wa sasa amepata nafuu isiyo na shaka.

Kodi nayo imechangia kupanda na kushuka kwa bei. Serikali iliondoa Ushuru wa Thamani ya Ziada (VAT) kwa simu za mkononi mwaka 2009, ikaurejesha mwaka 2013, kisha mwaka 2022 ikaongeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoagizwa kutoka nje. Mzigo huo kwa simu za ng'ambo ni mojawapo ya mambo yaliyoyapa makampuni sababu ya kuunganisha simu humu nchini.

Faida zinazoonekana

Faida ya kwanza ni mtandao wenyewe. Nyaya za chini ya bahari zinazoleta intaneti nchini hutua katika pwani hii hii ya Mombasa. TEAMS na SEACOM ziliwasili mwaka 2009, na EASSy ikaanza kazi mwaka uliofuata. Lakini kwa muda mrefu mkazi wa bara aliyekuwa na simu ndogo alilazimika kwenda saibakafe kufaidi utajiri huo uliopita mlangoni pake. Simu ya 4G imeondoa safari hiyo. Fomu za serikali kwenye eCitizen, taarifa za ushuru za KRA, maombi ya kazi na vyeti vinavyohitaji kupigwa picha na kutumwa, vyote hufanyika mtu akiwa amekaa barazani.

Faida ya pili ni biashara. Mshonaji wa Bamburi humtumia mteja picha ya kanzu kabla ya kuimaliza. Mchuuzi wa samaki hupiga picha ya changu na tafi asubuhi na kuzisambaza katika vikundi vya WhatsApp, na kabla ya adhuhuri ameshajua ni kilo ngapi zimeagizwa. Mwendeshaji tuktuk anayetumwa mtaa asioufahamu hufuata ramani badala ya kusimama kila njia panda kuuliza. Simu ndogo haiwezi kazi hizi.

Ya tatu inagusa familia nyingi za pwani. Maelfu ya vijana, hasa akina dada, wamekwenda kufanya kazi Saudi Arabia, Oman, Qatar na Falme za Kiarabu. Zamani mazungumzo na aliyeko ughaibuni yalikatizwa na kumalizika kwa pesa. Leo mama humwona bintiye usoni, akatambua kama amekonda au anaficha jambo. Hapa pia mnunuzi ajue mapema kwamba simu za sauti na video za WhatsApp zimezuiwa kwa miaka mingi katika Falme za Kiarabu, ndiyo sababu walioko Dubai huwaomba jamaa zao wapakue programu ya Botim. Simu yenye hifadhi finyu itabidi ipate nafasi ya programu hiyo ya ziada.

Jambo moja halipaswi kuhesabiwa kuwa faida ya simu janja pekee, nalo ni M-Pesa. Programu yake maalumu ilizinduliwa mwaka 2021 na ina urahisi wake, kama vile kutazama taarifa za malipo. Lakini kutuma, kupokea, kulipia kwa nambari ya Lipa na M-Pesa na kukopa kwa Fuliza kunawezekana kwa kabambe vilevile. Yeyote anayeambiwa dukani kwamba ni lazima anunue simu janja ili apokee malipo ya wateja, anadanganywa.

Kumbukumbu finyu

Kasoro kubwa ya simu za bei nafuu haionekani siku ya kwanza. Huonekana baada ya miezi michache, simu inapoanza kusitasita, programu kujifunga zenyewe na ujumbe kutokea kwamba nafasi imekwisha.

Msomaji atofautishe mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. Kuna kumbukumbu ya kazi, iitwayo RAM, ambayo ni kama meza ya fundi: kadiri ilivyo ndogo, ndivyo vifaa vichache vinavyoweza kuwekwa juu yake kwa wakati mmoja. Kisha kuna hifadhi, ambayo ni kama kabati la kuwekea vitu. Simu yenye RAM ya GB 2 itamlazimu mwenyewe kusubiri kila anapotoka kwenye ramani kwenda WhatsApp na kurudi. Ni kwa ajili ya simu kama hizo kampuni ya Google ilitoa mwaka 2017 toleo jepesi la Android liitwalo Go.

Hifadhi nayo ina hila yake. Sanduku likiandikwa GB 32, si zote ni za mnunuzi, kwani mfumo wa simu na programu zilizokuja nayo hujitwalia sehemu kubwa. Kinachobaki humalizwa upesi na video za vikundi vya harusi, mazishi na siasa ambazo WhatsApp huzipakua yenyewe. Dawa ni kuingia katika mipangilio ya programu hiyo na kuzima upakuaji huo. Hatua hiyo huokoa hifadhi na bando kwa pamoja. Video ya ubora wa kawaida inaweza kula zaidi ya nusu GB kwa saa moja, kiasi ambacho kwa mtu anunuaye bando la siku kwa siku si kidogo.

Isitoshe, simu za bei ya chini aghalabu hupata masasisho kwa muda mfupi kuliko zile za bei ghali. Athari zake huja polepole. Tangu Januari 2025, kwa mfano, WhatsApp haifanyi kazi kwenye simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 5.0. Simu ilikuwa nzima, kioo chake hakikuwa na ufa, lakini kazi yake kuu ilikoma. Anayenunua simu iliyokaa sana dukani au ya mtumba, aulize ina toleo gani la Android kabla ya kuuliza rangi.

Joto, jua na chumvi

Mazingira ya pwani yanaijaribu simu kuliko Limuru au Eldoret. Betri za simu za kisasa ni za lithiamu, na adui yake mkuu ni joto. Kampuni ya Apple, kwa mfano, hushauri simu zake zitumiwe mahali penye joto lisilozidi nyuzi 35 za Selsiasi. Katika msimu wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto la mchana Mombasa huvuka nyuzi 30 kivulini. Simu iliyofungwa mbele ya pikipiki juani, au iliyoachwa ikichajiwa katika chumba cha mabati, hupita kiwango hicho kwa urahisi.

Hapo simu hujikinga. Hufifisha kioo, hupunguza kasi na huenda ikakataa kuchaji hadi ipoe. Mwenyewe hudhani imeharibika, kumbe inajiokoa. Lakini ikipikwa hivyo kila siku, betri hupoteza uwezo wake mapema. Mwendeshaji bodaboda afadhali aisikilize ramani kwa sauti simu ikiwa mfukoni kuliko kuiweka juani mchana kutwa. Aidha, kuchaji usiku juu ya godoro au chini ya mto si salama, kwa kuwa joto halipati pa kutokea.

Jua lina hasara nyingine. Vioo vya simu za bei nafuu mara nyingi havina mwanga wa kushindana na jua la saa sita. Muuzaji wa barabarani hujikuta akikinga simu kwa kiganja ili asome kama ujumbe wa malipo umeingia. Ni jambo dogo kwa aketiye ofisini, lakini kwa auzaye juani ni mwanya wa kutapeliwa kwa ujumbe bandia. Kabla ya kulipa, mnunuzi atoke nje ya duka na kukitazama kioo mchana.

Kisha kuna unyevu na chumvi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na jasho la mfukoni huwa na chumvi pia. Tundu la kuchajia ndilo huathirika kwanza: vyuma vyake hupata kutu, na chaja ikaanza kushika ikiinamishwa upande mmoja tu. Wengi huamini kwamba alama ya IP67 au IP68 inaruhusu kuogelea na simu. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tena simu ikiwa mpya. Simu nyingi za bei ya chini hazina kinga hiyo kabisa. Ikidondoka majini, izimwe mara moja, ipanguswe na iachwe penye upepo, bila kujaribu kuichaji. Desturi ya kuizika katika mchele haisaidii. Mapema mwaka 2024 Apple iliwaonya wateja wake kwamba vipande vidogo vya mchele vinaweza kuidhuru simu.

Umeme nao hauaminiki siku zote. Agosti 25, 2023 ulipokatika karibu nchi nzima, wenye simu za vioo vikubwa walikuwa wa kwanza kutoweka hewani, huku wenye kabambe wakiendelea kupigiana. Kwa ajili hiyo wakazi wengi hubeba simu mbili, ya mtandao na ya kupigia. Si ushamba. Ni busara iliyotokana na uzoefu.

Kulipa mdogo mdogo

Julai 2020 Safaricom, kwa ushirikiano na Google, ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja aliweza kuchukua simu ya 4G kwa amana ndogo na kumaliza kwa Sh20 kila siku. Tangu hapo wauzaji wengine wamefuata mtindo huo, na leo mabango ya simu za mkopo yamejaa sokoni na vituoni mwa matatu.

Faida yake ni dhahiri. Asiyeweza kukusanya Sh8,000 kwa mkupuo anaweza kutenga shilingi kadhaa kila jioni. Lakini deni la siku kwa siku huficha ukubwa wake. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Muuzaji ameitisha amana ya Sh2,000 na Sh50 kila siku kwa siku 365. Malipo ya kila siku yatafika Sh18,250, na pamoja na amana, simu itakuwa imegharimu Sh20,250. Ikiwa simu hiyo hiyo inauzwa Sh12,000 taslimu, mnunuzi amelipa Sh8,250 kwa ajili ya muda peke yake. Ni juu yake kuamua kama muda huo una thamani hiyo, ila aamue akijua.

Jambo la pili ni kufuli. Simu za mkopo huwekewa programu inayoziwezesha kufungwa kutoka mbali malipo yakichelewa. Kwa mwenye mshahara, kuchelewa ni usumbufu. Kwa mwendeshaji bodaboda ambaye pikipiki yake imelala kwa fundi siku tatu, simu ikifungwa hawezi kupokea wateja, na bila wateja hawezi kulipa ili ifunguliwe. Mnunuzi na aulize kwa maandishi mambo manne: malipo yote kwa jumla ni kiasi gani, simu hufungwa baada ya siku ngapi, ikiibwa au ikiharibika deni linaendelea au la, na baada ya kumaliza kulipa, kufuli huondolewa vipi na nani.

Swali la tatu ndilo husahaulika zaidi. Simu huweza kuchomolewa katika msongamano wa feri ya Likoni au stejini, na mara nyingi deni halichomolewi pamoja nayo.

Fundi na vipuri

Simu haijajulikana ubora wake mpaka imevunjika. Simu zinazouzwa kwa wingi zina nafuu hapa, kwani mafundi wa vibandani wanazifahamu na vioo vyake hupatikana. Simu yenye jina geni, hata ikiwa na sifa nzuri kwenye sanduku, huenda ikakosa kioo cha kubadilisha kote mjini. Mnunuzi mwerevu humwendea fundi kabla ya kwenda dukani, akamuuliza kioo na betri ya simu anayoitaka ni bei gani. Kioo kikigharimu nusu ya bei ya simu, kifuko imara na protekta ni lazima, wala si anasa.

Barani Ulaya wameliona tatizo hili wakatunga sheria. Tangu Juni 20, 2025 simu mpya zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya zinatakiwa kuwa na betri iliyobakiza angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800, na vipuri muhimu vipatikane kwa miaka saba tangu toleo hilo liache kuuzwa. Kanuni hizo hazimlindi moja kwa moja mnunuzi wa Changamwe, lakini zinampa kipimo cha kuulizia.

Kabla ya kutoa pesa

Bidhaa bandia ni hatari ya zamani. Mwishoni mwa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano iliamuru simu ghushi zizimwe, na zaidi ya milioni moja zikanyamaza. Wenyewe wengi walikuwa wamezinunua kwa nia njema. Kwa hivyo bonyeza *#06# na ulinganishe nambari ya IMEI itakayotokea na ile iliyo kwenye sanduku na kwenye risiti. Zisipofanana, usilipe.

Pili, weka laini yako, piga simu, kisha fungua ukurasa wa intaneti papo hapo. Simu ikitumika zaidi nyumbani, kumbuka kwamba kuta nene na mabati hudhoofisha mawimbi. Tatu, chomeka chaja na uitikise kidogo uone kama inashika. Nne, tazama katika mipangilio hifadhi iliyobaki na toleo la Android. Tano, dai risiti yenye muhuri na muda wa waranti.

Ukishanunua, weka nambari ya siri ya kioo siku hiyo hiyo, na uifungie pia kadi ya laini kwa nambari yake. Usibahatishe nambari ya kadi, kwa sababu ukikosea mara tatu itajifunga na kuhitaji nambari ya PUK. Bila kinga hizo, mwizi wa simu anaweza kuhamishia kadi katika simu nyingine na kuanza kuwaomba jamaa zako pesa kwa jina lako.

Kwa jumla, simu janja ya bei nafuu inafaa. Imewaletea wakazi wa ng'ambo ya kisiwa huduma ambazo zamani zilidai nauli, foleni na nusu siku ya kazi. Anayeitaka kwa WhatsApp, fomu za serikali, picha za biashara na ramani ya mara moja moja, itamtosha, almuradi aikinge na jua na kuilinda hifadhi yake. Anayetegemea ramani kutwa nzima au kutengeneza video kwa kazi, afadhali angoje, aongeze akiba na kununua yenye RAM ya GB 4 au zaidi. Na asiyehitaji zaidi ya kupiga simu na kutumia M-Pesa, asione haya kubaki na kabambe yake.

Wahenga walisema rahisi ghali. Si lazima iwe hivyo kwa simu hizi, lakini huwa hivyo kwa anayesoma bei ya amana peke yake.